Urefu wa Noela

Polikarp aliukata ufito kwa kisu cha jikoni, sawasawa na kisigino cha maiti, kisha akampa kaka yake kwa mikono miwili. Ulikuwa ufito mbichi, umeletwa kutoka porini alfajiri ile, na gome lake lilikuwa bado linateleza. Ncha moja ilikuwa imekaa utosini pa Noela na nyingine nyayoni. Waliokuwamo chumbani walishangaa kimoyomoyo jinsi ulivyokuwa mrefu, kwa maana binti akilala mkekani chini ya shuka huonekana mdogo kuliko alivyokuwa akitembea. Pankrasi aliupokea kimya. Mkewe Kunegunda, aliyekaa sakafuni ameegemea ukuta, hakumtazama. Alimwambia tu, "Wahi, baba Noela. Joto hili halina simile."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Homa ilikuwa imemshika Noela siku nne, ikammaliza Ijumaa jua likitua. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Vijana wa Litunguru walikuwa wameshakwenda makaburini na majembe, na mazishi yalipangwa saa kumi jioni. Kilichokosekana ni jeneza. Zamani usingekosa ubao Litunguru, lakini biashara ilipofunguliwa malori yalikuja na vibali vyao, miti ya mininga ikaondoka gogo baada ya gogo, na seremala pekee wa kijiji akazifuata mbao mjini kama kuku anavyofuata mtama. Siku hizi mtu akifa walimwendea fundi Twaha kule Mjimwema, Songea mjini, mtu wa Tunduru ambaye hakuwa na mazoea ya kuzungumza bei na mfiwa. Yeye alipokea kipimo, akapiga misumari, akamtafutia mtu gari la kurudi nalo. Mengine yalisubiri matanga yaishe.

Kipimo nacho kina masharti yake. Katika ukoo wa kina Pankrasi, mwanamke aliyeolewa hubebewa ufito na mumewe, na binti ambaye hajaolewa hubebewa na babaye, hata kama baba mwenyewe miguu haimbebi kwa majonzi. Anayeubeba hasalimii mtu njiani. Hauweki chini, wala hasemi ni wa nani mpaka uwe mkononi mwa fundi. Wala mtu asiye wa msiba ule, isipokuwa fundi, asiuguse, kwa kuwa wazee walisema akiugusa, msiba unamfuata mpaka nyumbani kwake na kuchagua mtoto. Tena maiti hapimwi mara mbili. Padre alikuwa akiwasema kwa mambo hayo kila mwaka kanisani, nao walikuwa wakitikisa vichwa kumkubalia, na kila walipofiwa waliyafuata yote. Pankrasi mwenyewe, mzee wa kanisa, asingeweza kukuambia kama anayaamini au hayaamini. Lakini mtoto wa mtu si kitu cha kufanyia majaribio.

Basi alikwenda, ufito ameusimamisha begani, saa tatu za mwendo kwa miguu. Miyombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu na vumbi lilikuwa limefika kwenye vifundo. Waliokutana naye walielewa. Wanawake waliotoka kuchota maji walitua ndoo, wakamwacha apite. Mzee mmoja juu ya baiskeli alishuka, akavua kofia, akatazama pembeni. Hakuna aliyemuuliza unakwenda wapi, na kwa hilo Pankrasi aliwashukuru wote moyoni, maana angeulizwa kwa upole angelia.

Mahali barabara inapoingia mjini palikuwa na gogo limelazwa, na askari mmoja, na mgambo mmoja.

"Wewe mzee! Simama hapo."

Pankrasi alisimama.

"Unatoka wapi?"

Alielekeza kwa kidevu kule alikotoka.

"Nimekuuliza kwa mdomo, nijibu kwa mdomo. Unatoka wapi, unakwenda wapi, na hiyo fimbo ya nini?"

Askari yule aliitwa Koplo Remmy. Hakuwa mtu wa Songea. Alikuwa ameletwa na uhamisho mwaka uliopita, na alikuwa bado kijana, hajafika hata miaka thelathini. Hakuwa ameamkia, lakini hilo Pankrasi alilisamehe, kwa kuwa na yeye hakuwa amesalimia. Nyuma ya Pankrasi kulikuwa na kijana mwingine, mwalimu wa shule ya msingi, ameshikilia baiskeli yake akisubiri kupekuliwa.

"Hujasikia tangazo?" Remmy alisema. "Leo kuna mkutano wa kampeni. Hakuna kuingia mjini na fimbo, rungu, panga, wala kitu chochote cha kupigia. Gari limepita siku tatu likitangaza."

Gari lilikuwa limepita kweli. Lilipita mjini, kwenye lami. Litunguru halikufika, na hata lingetaka, lisingeweza.

"Lete hiyo fimbo."

Mkono wa askari ulinyooka, na Pankrasi akarudi nyuma hatua mbili. Aliona pete kidoleni mwa kijana yule. Akamfikiria mke aliyeko kota, na kitanda, na watoto waliolala humo. Yeye aliyekuwa amefiwa jana jioni alijikuta anamwonea huruma mtu huyu aliyekuwa akiutaka msiba kwa mkono wake mwenyewe bila kujua.

"Una watoto, mwanangu?" aliuliza. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu alfajiri.

"Nini?"

"Nakuuliza, una watoto?"

"Ninao wawili. Wanakuhusu nini?"

"Kama unao, usiushike huu."

Alisema kwa sauti ya chini, kwa upole wote aliokuwa nao, kama unavyomwambia mtu asikanyage pale, pana nyoka. Uso wa Remmy ulibadilika.

"Unawatishia watoto wangu?"

"Hapana, baba."

"Unawatishia watoto wangu mbele ya mashahidi! Dastan, umesikia?"

Mgambo Dastan alikuwa mtu wa Madaba, mtu mzima, mwenye kaptula ya khaki na viatu vya matairi. Alikuwa amekwisha kuutambua ufito ule tangu ukiwa mbali, na alikuwa ametoa kofia yake kichwani, anaizungusha vidoleni. "Afande," alisema, "nafikiri huo ni..."

"Nimekuuliza unafikiri nini? Nimekuuliza umesikia?"

"Nimesikia, afande," Dastan alisema, akavaa kofia yake.

Mwalimu mwenye baiskeli, Majaliwa, alikohoa. Alikuwa mmoja wa watu wale wanaosoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho na kuamini kwamba likishaandikwa limekuwa. "Samahani, afande," alisema. "Sheria inamruhusu askari kumsimamisha raia na kumhoji akiwa na sababu ya msingi ya kumshuku. Mimi naomba kujua tu, mzee huyu anashukiwa nini?"

"Sababu?"

"Ndiyo, afande. Sababu."

"Sababu ni kwamba nimemsimamisha. Angekuwa hana kosa, ningemsimamisha kwa nini?"

Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Remmy hakumsubiri mwalimu. Aliurukia ufito, akaushika katikati, akavuta. Pankrasi naye alivuta. Hakuvuta kwa nguvu ya kupigana. Alivuta kama mtu anavyomvuta mtoto barabarani gari likija. "Mwachie," alikuwa akisema, "mwachie, utaumia, mwachie." Remmy alimpiga teke la goti, na Pankrasi alianguka, na ufito ukabaki kwa askari. Alipouona mkononi mwake, umefumbatwa kwa vidole vyote vitano, Pankrasi alifumba macho.

"Mungu wangu," alisema, "mimi sikumtakia haya."

Walipakiwa wote wawili kwenye Land Rover, mzee kwa kumtishia na kumshambulia askari akiwa kazini, na mwalimu kwa kuuliza.

Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, pembezoni mwa mji, chumba cha mbele na cha mahabusu nyuma. Kaunta ilikuwa ya simenti. Sajenti wa zamu alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa mbaya wa sura. Alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Aliuliza jina, umri, kabila, dini, kijiji, akaandika taratibu kwa herufi za kulala. Kisha aliutazama ufito uliolazwa kauntani.

"Hii ni nini, mzee?"

Ilikuwa yapata saa tatu na nusu asubuhi. Pankrasi alipiga hesabu: akitoka hapa saa nne, afike Mjimwema saa nne na nusu, Twaha amalize saa nane, gari lipatikane. Bado ilikuwa inawezekana. Na sharti la ufito lilikuwa limeshavunjwa na mkono wa serikali, sasa kilichobaki ni kumwahi mtoto. Akasema.

"Ni mwanangu."

"Nini?"

"Ni urefu wa mwanangu. Noela. Amefariki jana jioni. Ninampelekea fundi kipimo cha jeneza. Tunazika saa kumi."

Sajenti aliacha kutafuna. Kwa kitambo kidogo alimtazama kama mtu anavyomtazama mtu, na Pankrasi akadhani yamekwisha.

"Cheti cha kifo unacho?"

"Amefia nyumbani, afande."

"Barua ya mtendaji wa kijiji?"

"Mtendaji hayuko. Amekuja huku mjini, kwenye mkutano."

"Sasa mimi nitajuaje kwamba kuna mtu amekufa?"

"Twendeni mkamwone. Yuko kwenye mkeka, amelala. Twendeni hata sasa hivi."

"Gari limepangiwa mkutano," sajenti alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Mzee, mimi nakuelewa. Lakini wewe mwenyewe fikiria. Umeulizwa barabarani unakwenda wapi, umekataa. Umeulizwa fimbo ya nini, umekataa. Mtu mwenye msiba angekataa kusema ana msiba? Mtu mwenye msiba anapita analia."

Pankrasi alitaka kumweleza habari za ufito, kwamba mdomo ulifungwa na desturi, si na hatia. Alianza. Lakini maneno yale, ambayo nyumbani hayahitaji hata kusemwa, pale kauntani mbele ya muhogo yalitoka yakiwa mafupi na ya kipuuzi. Remmy aliyesimama mlangoni alicheka kwa pua.

Sajenti alivuta droo, akatoa tepu ya kupimia.

"Kielelezo lazima kiandikwe na vipimo vyake," alisema.

"Usimpime!" Pankrasi aliruka mpaka kaunta ikamkata tumbo. "Usimpime, baba, nakuomba. Hapimwi mara mbili. Andika chochote. Andika fimbo ndefu, andika gongo, andika mkuki, nitakubali. Usimpime!"

Remmy alimkamata shingo kwa nyuma. Sajenti, miwani puani, alilaza tepu juu ya ufito, akaivuta kutoka ncha hii mpaka ncha ile, akasoma kwa sauti huku akiandika. "Fimbo moja mbichi. Urefu, futi tano na inchi sita." Akauviringishia karatasi, akaifunga kwa uzi, akaandika namba.

Mahabusu walikuwamo watu tisa, wengi wao wauzaji wa mitumba na ndizi walioondolewa njiani ili wageni wa mkutano wasiwaone. Majaliwa alimfanyia Pankrasi nafasi karibu na dirisha. Hasira ilikuwa inamchemka mwalimu yule, na akili yake yote ilikuwa kwenye vifungu.

"Lazima wakufikishe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, mzee wangu. Hiyo ni sheria. Wasipofanya hivyo wanavunja sheria wao."

"Leo siku gani?" aliuliza muuza ndizi mmoja kutoka gizani.

"Jumamosi."

"Kesho je?"

Muuza ndizi alicheka peke yake, akageukia ukuta.

Saa zilikwenda. Mchana, vipaza sauti vya mkutano vilianza kusikika, mara vinakuja na upepo, mara vinapotea. Mtu alikuwa akiahidi barabara. Mwingine alikuwa akiahidi dawa zahanati. Watu walikuwa wakipiga vigelegele. Kila mlango wa mbele ulipofunguliwa Pankrasi alinyanyuka, akadhani anaitwa. Saa saba ikapita, saa nane, saa tisa. Hakuna aliyeita. Saa kumi ilipofika, aliijua bila saa, kwa kivuli cha nondo za dirisha. Aliinuka, akavua kofia, akasimama ameuelekea ukuta, mikono ameikutanisha mbele kama mtu anavyosimama kando ya kaburi. Wale tisa walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Majaliwa naye alisimama ubavuni mwake, akainua viganja vyake, akamsomea Noela fatiha ingawa Noela alikuwa Mkatoliki, na hakuna aliyeona ajabu.

Lakini hawakuwa wamezika. Hilo alilijua Jumapili asubuhi, aliposikia sauti ya mdogo wake kwenye kaunta.

Kijiji kilikuwa kimemsubiri mpaka giza. Polikarp aliondoka alfajiri kwenda kumtafuta kwa Twaha. Twaha alisema hajamwona. Akaulizia njiani mpaka mtu mmoja akamwambia kuna mzee amekamatwa na fimbo.

"Shikamoo, afande," Pankrasi alimsikia Polikarp akisema. "Naomba mnipe ule ufito tu. Kaka mbaki naye kama ana kosa. Mimi nataka ufito."

"Kielelezo hakitolewi."

"Basi niambieni urefu wake. Umeandikwa hapo. Nitajie namba tu, nikamtajie fundi."

"Hiyo iko kwenye jalada la upelelezi. Siwezi kumsomea kila anayeingia."

"Afande, namba tu."

"Nenda kapimeni tena huko kwenu. Maiti si mnaye?"

Kimya. Pankrasi alijua kimya kile ni cha nini. Alizishika nondo.

"Polikarp!" alipiga kelele. "Mwambie Twaha ananifika sikioni! Akisimama na mimi, utosi wake unafika hapa sikioni! Mwambie hivyo!"

Rungu liligonga nondo karibu na vidole vyake. "Nyamaza wewe! Utaongezewa la fujo kituoni."

"Kaka!" Polikarp naye alikuwa analia sasa, mwanaume mzima. "Kaka, hakuna tena muda. Harufu imeanza. Watoto wametolewa nyumbani. Tutamzika leo hii na chochote tutakachopata!"

"Na wewe," sajenti alisema, "kitambulisho chako kiko wapi? Umeingia mjini kwa shughuli gani?"

Nyayo za Polikarp zilisikika zikitoka, kwanza polepole, halafu mbio. Pankrasi hakumlaumu. Kama na yeye angelala ndani, nani angefukia kaburi?

Jumatatu saa nne mkubwa wa kituo alirudi kutoka kwenye shughuli za mkutano, akafunua jalada, akauliza kwa ukali huyu mzee anawekwa wa nini. Hakuna aliyemjibu vizuri. Majaliwa aliachiwa kwa onyo. Pankrasi aliambiwa aende nyumbani, aripoti kila Ijumaa mpaka upelelezi ukamilike. Ufito ulibaki. Alipoulizia, waliambizana kwa macho, na sajenti akamwambia mzee, shukuru Mungu unatoka.

Alifika Litunguru mchana. Tangu mbali aliona kuna kitu nyumbani kwake kimekosekana, lakini hakukijua mpaka alipofika uani. Nyumba haikuwa na mlango. Bawaba zilikuwa zimebaki kwenye fremu, na ndani, peupe kabisa, Kunegunda alikuwa amekaa palepale alipomwacha, ameegemea ukuta uleule.

"Tulimtafutia ubao kijiji kizima," alisema. Hakuwa na machozi tena. "Hapakuwa na ubao wa kutosha mtu mzima. Ndipo Polikarp akaung'oa mlango, wakaupigilia mbao za kreti pembeni."

Pankrasi alikaa chini.

"Alikuwa mrefu kuliko mlango wetu, baba Noela. Hatukujua. Miaka yote alikuwa anainama kuingia, na hatukujua. Walimkunja magoti."

Akanyoosha mkono akamshika mumewe mguu, akaushikilia.

Walikuja Alhamisi. Safari hii gari lilikuwa na mafuta. Koplo Remmy aliteremka na jalada kwapani, na Dastan nyuma yake. Walisimama mbele ya nyumba, Remmy akatafuta mahali pa kugonga, akakosa, akasema hodi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amekonda kwa siku tano. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Nimekuja kukamilisha upelelezi," alisema. "Nioneshe kaburi."

Njiani kwenda makaburini, Dastan alichelewesha hatua mpaka akawa sambamba na mzee. Alinong'ona akitazama mbele. "Nisamehe, baba. Mtoto wake mdogo anaumwa tangu Jumapili. Homa haishuki. Amekwenda naye hospitali mbili. Anataka ionekane kwamba haukuwa ufito wa kipimo. Ikionekana ni fimbo tu, hana cha kuogopa. Ndiyo maana tumekuja."

Pankrasi alimtazama kijana yule aliyetangulia, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Alitaka kumchukia na akashindwa kumchukia vya kutosha.

Kaburi lilikuwa na udongo mbichi, jiwe kichwani na jiwe miguuni, na msalaba wa vijiti. Remmy alilizunguka mara mbili. Alitoa tepu ile ile ya kituoni.

"Shika hapa, mzee. Jiwe la kichwani."

Pankrasi alishika. Remmy alirudi kinyumenyume akivuta tepu juu ya udongo mpaka jiwe la miguuni, akainama, akasoma, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Futi tano na inchi moja!" alisema. "Dastan, umeona? Futi tano na inchi moja. Fimbo ni futi tano na inchi sita. Haviendani. Aliyelala humu si mwenye fimbo ile."

"Walimkunja magoti," Pankrasi alisema.

"Nani shahidi?"

"Waliomzika."

"Ndugu zako."

"Ndugu zangu."

"Ndugu si shahidi." Aliandika haraka. Kisha akakaribia, na sauti yake ikawa nyingine kabisa, sauti ya mtoto anayemwomba mzazi. "Mzee, nisikilize. Sema tu. Sema ilikuwa fimbo yako ya kutembelea, ulikuwa unakwenda mjini matembezi, msiba ukatokea huku nyuma. Weka dole gumba hapa, na jalada nalifunga leo, huripoti tena Ijumaa wala siku yoyote. Haikuwa kipimo. Sema, mzee. Haikuwa yeye."

Upepo ulipita kwenye miyombo. Kule nyumbani Kunegunda alikuwa anatwanga, mtwango mmoja mmoja, kama mtu aliyesahau anatwanga nini.

"Ukikataa," Remmy alisema, "nitaomba kibali cha mahakama, tufukue, tuhakikishe. Sitaki kufanya hivyo."

Pankrasi aliliweka sawa jiwe la kichwani.

Remmy alingoja. Alipangusa jasho, akatazama tena alichoandika, na furaha ile ikaanza kumtoka usoni, kwa sababu magoti ni magoti, na hata yeye aliwahi kumwona mtu amelala amejikunja.

"Labda ulilegeza," alisema. "Ulilegeza upande wako. Tupime tena."

Pankrasi alipiga magoti kwenye udongo, akaitafuta ncha ya tepu, akaibana kwa kidole gumba pale kilipo kichwa cha mwanawe.

"Vuta," Remmy alimwambia. "Vuta, usilegeze."